Hadithi ya nusu ukurasa, mradi wa wiki moja (darasa la tano)

Wakubwa shikamooni, wengine habari za vipindi.

Wengi wetu tukimaliza kusoma hadithi tunauliza "tumejifunza nini?", watoto wanaitikia "uvivu ni mbaya", kengele inagonga. Siku hizi mimi naikata hadithi njiani, mwisho wake wautafute wao.

1. Tunga mwenyewe, maneno 150 yanatosha, iwe ya mtaani kwao. Yangu: kina mama wawili wanagombania zamu bombani. Mmoja anafoka, "Kwako mpo watatu, maji yote hayo ya nini?" Hapo nafunga daftari.

2. Waache wabishane dakika kumi, wewe usiamue. Kwangu alisimama mtoto ambaye hanyooshi mkono kabisa: "Ana kichanga huyo, mwalimu. Nepi." Kichanga hakikuwemo kwenye hadithi! Kakileta yeye.

3. Mradi: kwa siku 7, kila dumu la lita 20 likiingia nyumbani, mtoto achore kijiti kwenye daftari; cha tano kilale juu ya vinne. Tafadhali, msidai manila na kalamu za rangi. Mzazi anatumwa dukani saa mbili usiku, kisha chati inachorwa na dada mtu.

4. Hesabu. Madumu 21 mara 20 ni lita 420; nyumba ya watu 6, kila mmoja 70 kwa wiki, yaani 10 kwa siku. Namba zisomwe bila majina, kuna nyumba madumu mawili yanapitisha siku.

5. Kila kundi liandike mwisho wa hadithi, namba zao zikiwemo.

MASWALI

Mwalimu, nina watoto 92. Nasahihishaje?
— Sita sita, kundi moja karatasi moja. Utabeba karatasi 16. Mwandishi abadilishwe kila mradi, la sivyo ataandika yule yule mpaka la saba.

Huku kwetu maji yapo ndani, madumu hakuna.
— Basi wapime umeme: wasome uniti kwenye mita ya LUKU kila asubuhi. Hadithi iwe ya wapangaji wanaochangia mita moja, mmoja ana pasi. Hiyo hata hutaitunga, utaisikia tu.

Na wakipika namba?
— Wanapika sana. Mmoja aliniletea madumu 60 kwa siku. Kabla sijafungua mdomo, jirani yake wa dawati akamuuliza, "Kwani kwenu mnaosha daladala?" Akachukua ufutio.