Jinsi ya kuomba jeshi la Marekani libadilishe hadhi ya kuachishwa kwako, ukiwa Mwanza

Hadhi ya kuachishwa jeshi haipandi yenyewe. Uvumi wa kwamba ukikaa miezi sita tu mambo yanajirekebisha umezunguka kambini kwa miaka mingi, na wapo waliorudi nyumbani wakauamini, wakakaa Nyakato au Kirumba wakisubiri barua isiyokuja. Ni lazima uombe, kwa maandishi, na ulete ushahidi. Fomu zenyewe ni bure. Anayekuuzia fomu anakuibia.

Mwongozo huu ni wa Mtanzania aliyepata green card, akavaa sare za Marekani, kisha akatolewa kwa hadhi mbaya. Wapo pia walioingia kupitia MAVNI, mpango wa zamani wa kuandikisha wageni wasio na green card wenye lugha ambazo jeshi lilizihitaji, Kiswahili kikiwemo. Uzito wa jambo hili wengi hawauoni mapema. Uraia unaopatikana kwa njia ya utumishi jeshini unategemea kutoka kwa heshima, na aliyekwisha kuupata anaweza kunyang'anywa akiachishwa vibaya kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi wa heshima. Fedha za masomo nazo zinataka hadhi ya heshima kamili. Hata ile ya daraja la pili (General), inayokuruhusu kutibiwa kama askari mstaafu, haitoshi kukulipia chuo.

Anza na DD 214

DD 214 ni cheti cha kuachishwa ulichopewa ulipotoka jeshini. Itoe ulikoihifadhi uisome taratibu. Kisanduku namba 24 kinaeleza hadhi uliyopewa, na namba 28 kinaeleza sababu. Namba 12b kina tarehe ya kuachishwa. Iandike pembeni, kwa sababu ndiyo itakayoamua uende bodi gani.

Kama umeipoteza, jaza fomu SF 180 na kuituma kwenye hifadhi ya kumbukumbu za watumishi iliyoko St. Louis, Missouri. Usiombe DD 214 peke yake. Omba faili lote la utumishi na faili la matibabu, kwa sababu kesi yako imelala humo: taarifa za makamanda, adhabu, tuzo, siku ulizokwenda kliniki ukasema hulali. Kwa anwani, weka sanduku la posta ambalo lina mtu wa kulifungua kila wiki, pamoja na barua pepe. Namba ya simu ianze na +255.

Uende bodi ipi

Kila jeshi lina bodi ya kupitia uachishaji. Jeshi la nchi kavu lina yake, jeshi la wanamaji na Marines wanatumia moja, na jeshi la anga lina yake. Fomu ni DD 293, na ombi lazima liwafikie ndani ya miaka 15 tangu tarehe ya kuachishwa. Aliyetoka Machi 2012 mwisho wake ni Machi 2027. Bodi hii haigusi hukumu ya mahakama kuu ya kijeshi, na haiwezi kukurudisha kazini. Pia haiwezi kukushusha chini ya ulipo sasa, kwa hiyo usiache kuomba kwa kuogopa kuharibikiwa zaidi.

Miaka 15 ikiwa imepita, au unataka kuachishwa kwako kugeuzwe kuwe kwa sababu ya ugonjwa, unakwenda bodi ya kurekebisha kumbukumbu za kijeshi kwa fomu DD 149. Huko muda ni miaka 3 tangu ulipogundua kosa, lakini wanaweza kuusamehe kwa ajili ya haki. Waombe hivyo waziwazi, na ueleze kwa nini ulichelewa.

Maelezo yako ndiyo ombi lenyewe

Hapa ndipo maombi mengi yanapokufa. Mtu anaandika kurasa nne za uchungu: kamanda alimchukia, aliachwa mpweke, amepata shida sana. Bodi inasoma, inasikitika, inakataa. Wao wanatafuta vitu viwili tu: je, jeshi lilikiuka taratibu zake lilipokutoa, na je, hata kama taratibu zilifuatwa, adhabu ilikuwa ya haki? Ziandike hoja zako kwa namba, kila moja na aya yake. Bodi ya kupitia uachishaji inapaswa kujibu hoja ulizoziweka mbele yake. Iliyozama katikati ya masimulizi ni rahisi kupitwa.

Kama kosa lako lilitokana na msongo wa baada ya vita, jeraha la ubongo au kudhalilishwa kingono, una msaada mkubwa. Tangu 2014 Wizara ya Ulinzi imezielekeza bodi ziwatazame askari hawa kwa jicho la huruma, na waraka wa Agosti 2017 uliweka maswali manne ambayo kila bodi hujiuliza. Je, ulikuwa na hali au tukio linaloweza kupunguza kosa? Je, vilikuwepo ukiwa jeshini? Je, kweli vinapunguza kosa? Je, vina uzito kuliko kosa lenyewe? Yajibu yote manne kwa mpangilio huo. Wengi wanajibu mawili ya kwanza wakaishia hapo, ilhali la tatu ndilo linaloamua: onyesha njia kutoka kwenye mlipuko hadi kwenye pombe, kutoka kwenye pombe hadi siku tatu ulizokosa kazini. Kosa lililopangwa kwa makusudi halifunikwi kirahisi na ugonjwa, kwa hiyo usilazimishe.

Waraka huohuo unasema maneno ya askari mwenyewe, hata bila cheti cha daktari, yanaweza kutosha kuthibitisha kwamba jambo lilitokea. Hata hivyo, ukiweza, nenda kamwone daktari wa magonjwa ya akili, Bugando kwa mfano, umweleze yote, aandike anachokiona. Kwa vijana wetu hatua hii ni ngumu. Mwanaume wa Kisukuma aliyelelewa kuvumilia hasemi usiku anaota nini. Sema. Aliyesoma faili lako bila neno hilo hakukuona wewe, ameona tu mlevi aliyekosa kazi.

Kosa lako likubali. Waraka wa Julai 2018 unazitaka bodi zitazame pia majuto, muda uliopita na maisha uliyoyaishi tangu hapo.

Ushahidi wa nyumbani

Maisha hayo umeyaishi huku, na huku ndiko kwenye mashahidi. Mama au dada anaweza kuandika jinsi ulivyobadilika: kabla ya Afghanistan ulikuwa ukipiga simu kila Jumapili, baada ya hapo ukanyamaza. Barua ya namna hiyo ina nguvu kwa sababu hakuna mwingine awezaye kuiandika. Mwenyekiti wa mtaa, paroko au imamu, mtu mnayefanya naye biashara ya dagaa pale Mwaloni, kila mmoja aandike amekujua tangu lini na amekuona ukifanya nini. "Ni kijana mwema" haisaidii. "Ndiye anayetunza hesabu za kikundi chetu na hazijawahi kupungua" inasaidia. Ongeza cheti cha polisi cha tabia njema.

Barua ya Kiswahili itafsiriwe Kiingereza, asili na tafsiri vikae pamoja, na mtafsiri asaini. Usimwandikie shahidi maneno. Barua tano zenye sentensi zilezile zinaonekana.

Kusikilizwa

Kwenye DD 293 unachagua: wasome karatasi tu, au wakusikilize. Ukianza na karatasi wakakataa, bado unaweza kuomba kusikilizwa kama uko ndani ya miaka 15. Ukianza na kusikilizwa, nafasi ya karatasi imekwisha. Kusikilizwa hufanyika kwa simu au video. Saa 3 asubuhi ya Washington ni saa 10 au saa 11 jioni ya Mwanza, kutegemea msimu wao. Tafuta ofisi yenye jenereta.

Tafuta pia mtetezi. American Legion, chama cha askari wastaafu wa Marekani, huwasimamia askari mbele ya bodi bila malipo, na NVLSP, shirika la msaada wa kisheria kwa askari wastaafu, huwatafutia wakili wa kujitolea. Maamuzi ya zamani ya bodi yamewekwa wazi kwenye tovuti ya boards.law.af.mil, majina yamefutwa. Soma kesi zinazofanana na yako kabla hujaandika neno.

Majibu huweza kuchukua mwaka au zaidi. Ukikataliwa na bodi ya kwanza, ipo ile ya kurekebisha kumbukumbu. Ukikataliwa huko, unarudi ukiwa na ushahidi mpya. Wakati unasubiri, andikia Idara ya Askari Wastaafu moja kwa moja uombe waamue wenyewe kama utumishi wako unakustahilisha matibabu, kwani uamuzi wao hausubiri bodi. Wakikubali kwamba ugonjwa wako ulitokana na jeshi, wana mpango wa kulipia matibabu ya ugonjwa huo hata nje ya Marekani. Tunza risiti zote za hospitali.