Modeli ya watu wanaotoka mlango mmoja: hatua kwa hatua kwa Python

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja wa uhandisi aliniletea laptopu yake. Anaunda modeli ya abiria wanaokimbilia lango la kivuko cha Kigamboni, na kila akiiendesha, abiria watatu wanne wanatoboa ukuta na kupotea. "Mwalimu, watu wangu wanapaa," akasema. Ugonjwa huo naujua. Mimi ulinikesha siku mbili. Njia tuliyopita kuutibu ni hii.

Hatua ya 1: Eneo

Chora kwenye karatasi, kwa mita. Anza na ukumbi wa mita 15 kwa 15, mlango wa mita 1 na watu 200. Ndio mfano waliotumia Dirk Helbing, Illés Farkas na Tamás Vicsek mwaka 2000 katika jarida la Nature, kwa hiyo utakuwa na cha kulinganisha nacho. Lango lako halisi lisubiri.

Hatua ya 2: Kani

Msingi ni modeli ya kani za kijamii ya Helbing na Péter Molnár ya mwaka 1995. Kila mtu ni duara la kilo 80. Kani ya kwanza humvuta kuelekea mlangoni: m(v0 − v)/τ, ambapo m ni kilo zake, v0 ni kasi anayoitaka, v ni kasi aliyo nayo sasa, na τ, muda wa kujirekebisha, ni sekunde 0.5. Ya pili humsukuma mbali na jirani: A·exp((r − d)/B), A = nyutoni 2000, B = mita 0.08, r ni jumla ya nusu vipenyo vyao, d ni umbali kati ya vitovu. Wakigusana, ongeza mbano wa miili (k = nyutoni 120,000 kwa kila mita wanayoingiliana) na msuguano (κ = 240,000). Kuta nazo husukuma vivyo hivyo.

Tumia NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, na safu za 200 kwa 200 zinazokokotoa jozi zote kwa pamoja, si vitanzi viwili (loops) vya mtu mmoja mmoja. Programu za kununua zenye picha za kupendeza achana nazo mpaka umeandika yako, hazikuonyeshi kani.

Hatua ya 3: Kipande cha muda

Hapa ndipo watu hupaa. Mwanafunzi alikuwa ameweka dt, yaani muda kati ya hesabu moja na inayofuata, kuwa sekunde 0.1, kwa sababu vipande kumi kwa sekunde vinaonekana vingi. Piga hesabu. Mtu anayetembea mita 1.34 kwa sekunde husogea sentimita 13.4 katika kipande kimoja, na kani ya jirani aliyesimama mbele yake inapanda zaidi ya mara tano kwa mruko huo mmoja. Akimwingilia kwa sentimita 5, mbano peke yake ni nyutoni 6000. Gawanya kwa kilo 80, zidisha kwa 0.1: kasi imeongezeka mita 7.5 kwa sekunde. Ukuta hauwezi kumzuia.

Weka dt = 0.001. Wengine huniambia 0.005 inatosha. Kwa mbano pengine, lakini kwa msuguano kwenye msongamano mkali iko karibu na mpaka ambapo hesabu huvurugika, nami siiamini. Sekunde 60 ni vipande 60,000, dakika kadhaa tu za kusubiri.

Usiweke kikomo cha kasi ili kuficha tatizo. Picha itatulia, idadi ya wanaotoka itakuwa ya uongo.

Hesabu kani za watu wote kabla ya kumsogeza hata mmoja. Kisha sasisha kasi kwanza, na utumie kasi hiyo mpya kusogeza nafasi. Mwisho, punguza dt nusu uendeshe tena. Njia ya mtu mmoja mmoja itabadilika, hilo ni la kawaida. Linganisha wastani wa muda wa kutoka kwa mianzo kumi tofauti ya nasibu. Wastani ukihama, dt bado ni kubwa.

Hatua ya 4: Kagua

Mtu mmoja peke yake afike v0. Kisha pandisha v0 ya wote juu ya mita 1.5 kwa sekunde: ukumbi unapaswa kuchelewa kuisha, kwa sababu wanabanana mlangoni. Usipochelewa, anza kukagua msuguano.