Namna ya Kumaliza Kazi ya Masomo Unayotaka Isiwe na Dosari

Mwanafunzi anayetaka kila kazi yake iwe kamili mara nyingi hudhaniwa kuwa mvivu, kwa sababu huchelewa kuanza, hufuta alichokwisha kuandika, na hatimaye huiwasilisha kazi dakika za mwisho au asiiwasilishe kabisa. Ukijiona humo, jiulize kwanza ni nani anayekudai ukamilifu huo. Mwaka 1991 wanasaikolojia Paul Hewitt na Gordon Flett walitenganisha ukamilifu ambao mtu hujidai mwenyewe, ule anaowadai wengine, na ule anaoamini kwamba wengine wanamdai. Uchambuzi wa baadaye wa Thomas Curran na Andrew Hill, uliohusu wanafunzi wa vyuo wa Marekani, Kanada na Uingereza kati ya 1989 na 2016, ulionyesha kwamba huu wa mwisho ndio uliopanda zaidi. Ikiwa wako ni huo, muulize mwalimu waziwazi anatarajia nini, kwani huenda umembebesha matarajio asiyokuwa nayo.

Kabla ya kushika kalamu, soma mwongozo wa usahihishaji na uamue kazi itahesabika imekwisha lini. Zoezi la alama 5 halistahili usiku mzima.

Kwenye kuandika ndiko kwenye shughuli. Tenga dakika 25, anza na aya ya pili au ya tatu, maana utangulizi ndio unaowakwamisha wengi, wala usirudi nyuma kusahihisha hata neno moja mpaka muda uishe. Ukikosa neno, acha nafasi. Usipokumbuka tarehe, weka alama ya kuuliza pembeni, kisha uendelee. Rasimu hiyo itakuwa mbovu, na ndivyo inavyotakiwa iwe (wanaojisifu kuandika vizuri kwa mkupuo mmoja tuwaachie sifa zao). Kesho yake isome mara mbili tu, kwanza kwa ajili ya hoja na mpangilio, kisha kwa ajili ya tahajia, na uiwasilishe siku hiyohiyo, kwa sababu anayesoma mara ya tano aghalabu hubadilisha neno moja na kulirudisha lilivyokuwa.

Hali ikifikia kukunyima usingizi au kukufanya ukwepe mitihani, mbinu hizi hazitoshi. Mwone mshauri wa wanafunzi au mtaalamu wa afya ya akili, nawe umweleze tabia yenyewe, yaani kufuta, kuahirisha na kuogopa kusahihishwa, badala ya kumwambia tu kwamba una msongo wa mawazo.