Bango la kuki lipo, je linafanya kazi? Pima hivi

Wengi tukishaweka lile bango la "tunatumia kuki" kwenye tovuti tunajua tumemaliza, kumbe bado. Kuki ni vifaili vidogo ambavyo tovuti inavihifadhi kwenye kivinjari cha mtu. Kazi yenyewe ni kuhakikisha kuki za kufuatilia watu haziingii kabla mtu hajabonyeza kukubali.

Kupima ni dakika mbili tu. Fungua tovuti yako kwenye dirisha fiche (incognito), usibonyeze chochote, we gonga F12, kama ni Chrome nenda Application halafu Cookies, Firefox wao wanaita Storage, uone kilichomo. Mimi nilipofanya hivyo nikakuta _ga imeshajikalia, hiyo ni ya Google Analytics, zana ya kupima wanaotembelea tovuti, na kwa kawaida inadumu miaka 2, na wakati huohuo bango liko pale chini linamuuliza mtu kwa adabu zote eti unakubali? Aibu! Kumbe ile msimbo (code) ya Analytics niliibandika moja kwa moja kwenye kichwa cha ukurasa (head), kwa hiyo ilikuwa inawaka yenyewe bila kusubiri jibu la mtu. Itoe hapo, iwashwe na plagini ya ridhaa, ile inayoendesha bango, mtu akishakubali.

Kuki za kulogini au za kikapu cha manunuzi hizo usihangaike nazo, haziombewi ruhusa, zitaje tu kwenye sera yako ya faragha.

Haya, vitufe sasa. "Kataa zote" ikae pembeni ya "Kubali zote", sio umzungushe mtu kwenye setingi mpaka achoke akubali tu yaishe. Ufaransa, CNIL, mamlaka yao ya kulinda data za watu, waliipiga Google faini ya yuro milioni 150, ikatangazwa Januari 2022, kisa kukubali ni bonyezo moja ila kukataa mpaka uhangaike. Visanduku vilivyotikiwa tayari navyo mahakama ya Ulaya ilishavikataa tangu 2019. Na usijifariji kwamba uko mbali, ukiuzia au ukifuatilia watu walioko Umoja wa Ulaya, GDPR, sheria yao ya kulinda data za watu, inakuhusu popote ulipo.

Acha na linki ya kubadilisha mawazo chini ya kila ukurasa. Halafu rudi dirisha fiche jipya, safari hii bonyeza Kataa, zunguka kurasa mbili tatu, F12 tena. Ukikuta kuki ngeni angalia kwanza video na ramani ulizopachika, mara nyingi wachawi ni hao.