Jipu la Sungura: Tafuta Chanzo Kabla ya Kulikamua

Wafugaji wengi wa sungura hapa Mwanza, kuanzia Buhongwa hadi Kisesa, wakiona uvimbe kwenye mwili wa mnyama huanza kutafuta wembe na maji ya chumvi. Nilifanya hivyo kwa jike wangu mara tatu, na kila mara jipu lilirudi. Usaha wa sungura hautiririki kama wa mbuzi; ni mweupe, mzito kama dawa ya meno, tena umefungiwa ndani ya mfuko mgumu, kwa hiyo ukitoboa hautoki wote, na bakteria waliobaki huujaza upya.

Anza kwa kuangalia uvimbe uko wapi. Mweke sungura juu ya gunia mezani, mwenzako amshike mabega na makalio kwa pamoja, kwa sababu akirusha mateke anaweza kujivunja uti wa mgongo. Kisha pitisha vidole vyako taya zote mbili kwa wakati mmoja, ukilinganisha kulia na kushoto. Ukikuta nundu ngumu iliyoshikana na mfupa, shuku meno. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote, na anayelishwa pumba kwa wingi na majani kidogo hayasagi ipasavyo. Magego hurefuka, huchoma ulimi na mashavu, na mizizi yake husukuma mfupa hadi maambukizi yanaingia. Kidevu kilicholowa mate, jicho moja linalotoa machozi, na tabia ya kuchukua jani kisha kuliacha ni dalili za tatizo hilo. Kwa jike wangu, gego ndilo lililokuwa chanzo, na lilionekana kwa picha ya eksirei tu.

Jipu la mgongoni, shingoni au karibu na sehemu za siri mara nyingi hutokana na kung'atwa, hasa pale madume mawili yaliyokomaa yanapofugwa chumba kimoja. Tenganisha manyoya taratibu, utaona alama ndogo za meno. Kagua pia ncha za waya na misumari ya banda. Vidonda vya nyayo za nyuma husababishwa na sakafu ya waya au mbao zilizolowa mkojo, na hali huwa mbaya zaidi wakati wa mvua. Mpe kipande cha ubao mkavu cha kukalia.

Kwa jike anayenyonyesha, papasa chuchu zote. Ziwa likiwa la moto, gumu na jekundu lenye weusi, usihamishie watoto wake kwa jike mwingine, kwa maana wanaweza kumwambukiza.

Tazama vilevile upande wa ndani wa miguu ya mbele. Manyoya yakiwa yameshikana kwa makamasi makavu, sungura anajifuta pua, na bakteria aina ya Pasteurella ni mmoja wa washukiwa wakuu. Mtenge mara moja.

Uvimbe wenye tundu dogo katikati, na kitu kinachosogea ndani yake, si jipu bali ni funza wa nzi. Paka mafuta mazito ya mgando juu ya tundu ili akose hewa na ajitokeze, kisha mtoe kwa kibano bila kumpasua.

Naomba sana jambo hili lizingatiwe: usimnyweshe sungura amoksilini, ampisilini wala penisilini iliyobaki nyumbani. Dawa hizo zikipitia mdomoni huua bakteria wema wa utumbo wake, na anaweza kufa kwa kuharisha. Asipokula kwa saa 12, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Jipu likirudi, mwombe daktari apeleke sampuli kwenye kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari kilichopo hapa Mwanza. Kipande cha ukuta wa mfuko kinafaa zaidi kuliko usaha wa katikati, ambao mara nyingi hauna tena bakteria hai.