Paa la mgongo kwenye Sweet Home 3D bila kifaa cha paa

Sweet Home 3D, programu ya kuchora ramani za nyumba, haina kitufe cha kuchora paa, hata hili la mgongo lenye miteremko miwili. Tumia boksi la kawaida la kwenye katalogi, ulilaze.

Chukua nyumba ya mita 8 kwa 10, kuta sm 280, mwinamo wa nyuzi 20, bati likitokeza sm 60. Nusu ya upana na kitokezo ni sm 460. Gawanya kwa kosaini ya nyuzi 20 (0.94): unapata sm 490, ndiyo kina cha boksi. Upana wake 1120 (mita 10 na vitokezo viwili), unene 5. Kwenye mizunguko, weka nyuzi 20 kwa mwelekeo wa kina; ukiziweka kwa upana, paa litainamia kenchi, yaani ncha za nyumba zenye kuta za pembetatu. Kimo kutoka sakafuni ni 258, si 280, kwa sababu programu hupima ncha ya chini kabisa, na kitokezo kinashuka sm 22.

Upande wa pili, nakili boksi na uligeuze nyuzi 180 kwenye ramani. Usiguse mwinamo, la sivyo pande zote mbili zitatazama kumoja.

Kuta za kenchi: gawa kila ukuta katikati, kisha uchague ukuta wa mteremko, 280 mwanzo na 426 mwisho. Angalia mwanzo ni upi. Nusu moja kwa kawaida hutoka kinyume. Pembe za ukuta zikichomoza juu ya bati, pandisha paa sm 3 au 4.

Weka paa kwenye ghorofa yake yenye kimo kilekile cha ghorofa ya chini, ulifiche unapopanga samani.