Mbwa na paka wa nyumbani Lubumbashi, nawe uko ng'ambo

Wengi wetu tulio Ubelgiji, Ufaransa au Afrika Kusini hutuma pesa Lubumbashi kila mwezi: masomo ya wadogo, kodi, dawa za presha za mama. Mbwa anayelinda lupango (kiwanja cha nyumba) na paka anayewinda panya hukumbukwa siku wameshaanguka, na hapo gharama ni kubwa na tumaini ni dogo. Nawasihi muwaingize katika hesabu hiyo ya kila mwezi, kwa sababu watoto hucheza nao uani kutwa nzima, na maradhi yao huvuka.

Anza na kichaa cha mbwa. Dalili zikishatokea kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Inakadiriwa kuwa duniani huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Mbwa na paka huchanjwa wakifikisha wiki 12, kisha hurudiwa mwaka unaofuata. Baada ya hapo kuna chanjo za mwaka mmoja na za miaka mitatu, kutegemea kiwanda. Kwa mbwa anayetoka usiku na kukutana na wengine mtaani, mimi ningeshika kila mwaka.

Tatizo kubwa ni baridi. Chanjo hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani mpaka inapoingia kwenye sindano. Kichupa kilichopata joto hakionyeshi kwa macho kwamba kimeharibika: utalipa, mbwa atachomwa, na kinga haitakuwepo. Kwa hiyo usimwambie mdogo wako akinunue mjini akirudi nacho mfukoni. Mbwa apelekwe kwa daktari, au daktari aje na kisanduku chenye barafu, na mwulizeni friji yake hutegemea nini umeme unapokatika. Mji wetu una bahati hapa: Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya wanyama, na familia isiyomjua daktari yeyote inaweza kuanza kuulizia huko. Kisha omba picha ya kadi ya chanjo kwa WhatsApp. Angalia kibandiko cha kichupa, namba ya toleo, tarehe, sahihi na muhuri. Kadi huandikwa Kifaransa, kichaa utakikuta kama *rage*.

Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, na aende hospitali siku hiyohiyo kuanza chanjo. Hiyo ndiyo siku ya kutuma pesa bila kusubiri mwisho wa mwezi. Mbwa, kama anaweza kushikwa salama, asiuawe kwa hasira: afungwe na aangaliwe siku 10, maana hali yake itamsaidia daktari kuamua.

Parvo, ugonjwa wa kirusi, huua watoto wa mbwa kwa kutapika na kuhara damu. Chanjo yake, ambayo kwa kawaida huwa pamoja na ile ya *maladie de Carré* (distemper, ugonjwa mwingine wa kirusi wa mbwa), huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16. Wengi huishia sindano ya kwanza, kumbe kinga ya maziwa ya mama inaweza kuizima. Kirusi chake hudumu udongoni miezi mingi, hata mwaka. Lupango ambamo mtoto wa mbwa alikufa hivyo pasafishwe kwa maji ya javel, na mwingine asiletwe kabla ya kumaliza chanjo zote. Paka nao wana chanjo yao ya mafua na ya kuhara.

Dawa ya minyoo hutolewa kila wiki mbili kuanzia wiki ya pili hadi ya nane, kila mwezi hadi miezi sita, halafu kila miezi mitatu. Kipimo hufuata uzito: mtu apande mizani akiwa amembeba mbwa, kisha apande peke yake, atoe tofauti.

Mvua zikianza, karibu na Novemba, kupe huongezeka. Ukituma dawa ya kupe kutoka Ulaya, soma kwanza: yenye permethrin ni ya mbwa tu, humuua paka. Paracetamol nayo humuua paka, hata kipande cha kidonge.

Na ukitaka kumleta Ulaya? Kongo haimo kwenye orodha ya nchi zilizorahisishiwa masharti ya kuingiza wanyama. Chipu ya utambulisho huwekwa kwanza chini ya ngozi, kwani chanjo ya kichaa iliyotangulia chipu haihesabiwi. Siku 30 au zaidi baada ya chanjo, damu hupimwa katika maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya, na kiwango cha kinga dhidi ya kichaa kifikie angalau 0.5 IU kwa mililita. Kuanzia siku damu ilipochukuliwa husubiriwa miezi mitatu, kisha cheti cha daktari wa serikali. Kwa hiyo anza miezi mitano kabla ya tiketi. Lakini kama mbwa wako anaishi Brussels na unakwenda naye likizo Lubumbashi, mpime damu kabla ya kuondoka na matokeo yaandikwe kwenye pasipoti yake. Wakati wa kurudi hatadaiwa ile miezi mitatu, mradi chanjo yake haijapitwa na tarehe.